Kidole Gumba Chini ya Kigae

Rusizi, Juni 2002

Jua limeshatoka juu ya vilima vya Rwimbogo na Mukandayisenga amechuchumaa kwenye majani marefu, anagonga vigae. Anainua kimoja, anakishika kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, anakigonga kwa kifundo cha kidole cha kulia na kutega sikio. Kikilia kama kengele, anakitia kapuni. Kikitoa sauti nzito ya chungu chenye ufa, anakitupa nyuma yake na kuchukua kingine.

Vigae hivi vimelala hapa bondeni tangu mwaka 1999. Mbuzi wamevilalia, nyasi zimeota katikati yake, na jirani mmoja amewahi kuazima kadhaa akatengeneza njia ya kupita matopeni. Vilichomwa kwa ajili ya kijiji kipya kilichoko juu ya kilima, kando ya barabara, lakini havikufika huko.

"Ile mategura haina kosa," anasema, akitumia jina ambalo watu wa huku hukiitia kigae cha paa. "Kosa ilikuwa ya sisi benye kuamini."

Mukandayisenga, ambaye kila mtu bondeni humwita Maman Gaju kwa jina la bintiye, ana miaka arobaini na moja. Ni mfinyanzi wa vigae, na ni mtu wa kushuku. Ukimpa mkono anautazama kwanza. Haikuwa hivyo zamani, kwa maelezo yake mwenyewe, na ukikaa naye siku nzima utaona kwamba sababu anazo.

Alizaliwa Nyangezi, ng'ambo ya mto, kusini mwa Bukavu, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Baba yake, mzee Muhigirwa, alijifunza kazi kwa mapadri waliokuwa wakijenga shule, na alimfundisha binti yake kwa kuwa wavulana wa nyumbani waliukimbia udongo. Kutoka kwake alirithi vitu viwili: kibao cha kuumbia kigae, na sheria ya kidole.

Sheria yenyewe ni rahisi. Kigae kikiwa bado kibichi, aliyekiumba hukibonyeza kwa kidole gumba upande wa chini, karibu na mkia. Paa likivuja, mwenye nyumba hukishusha kigae kibovu, hukigeuza, hukitazama kidole, kisha hukipeleka kwa mwenye kidole hicho. Huyo atapanda juu kukibadilisha, hata kama ni miaka kumi imepita.

Kidole chake kinajulikana. Kina kovu la moto lililokikata mshazari, na kovu hilo huingia kwenye udongo kila mara. "Mtu akishaona hii anakuya kwangu," anasema, akikionyesha. "Miye nitakimbilia wapi?"

Mwaka 1995 alivuka daraja la Rusizi kuingia nchi ambayo wazazi wake walikuwa wakimsimulia tu. Gaju alikuwa mgongoni na kibao kilikuwa kichwani. Askari wa mpakani alimuuliza kibao hicho ni cha nini, naye akajibu ni shamba lake. Akapata udongo mzuri katika bonde hili, akapata wenzake wanane wenye kutafuta riziki, wengi wao wajane, wakajenga tanuri.

Wateja wa kwanza walikuwa watu wa Bukavu. Lakini vita vya 1996 vikaja, vikafuatwa na vile vya 1998, na ng'ambo ya mto hakuna aliyefikiria tena paa jipya wakati hajui kama atalala chini ya lile la zamani. Mpaka ulifunguliwa na kufungwa kama mlango wa choo. Kufikia mwanzo wa 1999 tanuri lilikuwa baridi, na mnunuzi mkubwa aliyebaki katika wilaya nzima alikuwa mmoja tu: miradi ya wafadhili.

Hapo ndipo mradi wa nyumba ulipofika. Ulitoka nchi moja ya Ulaya na ulikuja kujengea nyumba themanini watu waliorudi na waliofiwa. Maman Gaju anakumbuka kwamba jambo la kwanza lililomtia shaka ni mahali. Kijiji kilipangwa juu kabisa, kwenye upepo, wakati maji yako chini. Aliuliza kwa nini. Akajibiwa kwamba kule juu panafikika kwa gari. Baadaye alisimama barabarani akaona kwamba panaonekana pia kwa kila mgeni anayetoka uwanja wa ndege wa Kamembe.

Hata hivyo, mkono mtupu haulambwi, na mkono huu haukuwa mtupu. Mtaalamu wa mradi aliteremka bondeni pamoja na kijana mmoja wa Kinyarwanda, Jean-Paul, aliyekuwa mratibu na mkalimani. Mgeni alitazama tanuri, akashika vigae, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ikafuata desturi ya watu wa tanuri. Huku, mteja mkubwa hufunguliwa tanuri mbele ya macho yake, vigae vikiwa bado na joto, na hupewa kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi. Akinywa, amekubali. Asipotaka mali husema tumbo linamuuma, akaondoka kwa heshima, na hakuna anayeuliza zaidi.

Mgeni alikunywa, tena akapangusa midomo akasifu. Wenzake Maman Gaju walipiga makofi, na wiki ile ile wakakata kuni, wakachoma tanuri la pili na la tatu kwa ajili ya nyumba themanini. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kunywa mbele ya tanuri lililofunguliwa akiwa na kiu tu.

Yaliyofuata yalikuwa semina. Siku tatu, katika ukumbi wa parokia, wafinyanzi wale tisa walifundishwa maana ya soko. Walifundishwa kwamba msaada wa bure huwalemaza watu, kwamba dunia ya sasa ni ya ushindani, na kwamba mwenye bidhaa bora kwa bei nafuu hushinda. Walipewa soda na kofia. Maman Gaju alisikiliza kwa makini sana, na anakiri kwamba maneno hayo yalimpendeza, kwa sababu kigae chake kiliuzwa faranga kumi na mbili na hakumjua wa kumshinda.

Kisha malori yakaja. Yalipanda kilima yakiwa na mabati, yale ambayo watu waliotoka Kongo huyaita manjanja, na kila bati lilikuwa na nembo ya nchi iliyotoa fedha. Yalikuwa yamevuka bahari, yakateremshwa bandarini, yakasafirishwa kwa barabara hadi pembe hii ya mwisho ya Rwanda, yakapita mita mia mbili kutoka kwenye vigae vilivyokuwa tayari.

Jean-Paul ndiye aliyetumwa kueleza. Maman Gaju anasema hakumchukia kijana huyo, maana sura yake ilikuwa ya mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine. Alitoa sababu mbili. Kwanza alisema vigae havikuweza kushindana na mabati kwa bei. Walipombana, akaitaja ya pili kwa sauti ya chini: fedha zile zilitolewa kwa sharti kwamba vifaa vinunuliwe kwenye viwanda vya nchi iliyozitoa.

"Balitufundisha soko ni mashindano," anasema Maman Gaju. "Nikasema sawa, tushindane. Lakini mwenzangu anabebwa ku mugongo ya serikali yake, miye natembea na miguu. Kiisha banasema nimeshindwa mbio."

Tangu siku hiyo alianza kusikiliza redio kwa sikio jingine. Alisikia wafadhili wakigombana kuhusu vita vya ng'ambo ya mto: huyu kasimamisha msaada, yule kaongeza, na yule wa tatu anasubiri aone wenzake. Na kweli, mafundi wa kijiji walikuwa wakisimama kazi mwezi mzima bila mtu kuwaambia sababu, kisha wakiitwa ghafla. Asiyekuwapo na lake halipo, na katika vyumba ambamo paa zao ziliamuliwa hapakuwa na mtu wa Rwimbogo.

Vigae vikabaki kwenye majani. Miezi ishirini tanuri halikuwashwa. Wenzake wanne walikwenda kubeba mizigo mpakani Rusizi ya Kwanza, na Maman Gaju akawa kibarua wa kupalilia mashamba ya watu kwa faranga mia tatu kwa siku.

Mwanzoni mwa 2001 mgeni mwingine alikuja, huyu kutoka makao makuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza, na Maman Gaju hataki asemwe vibaya. Alisema kwamba huko kwao wakubwa wamebadilika na sera imebadilika. Sasa wanataka kuona biashara za wenyeji. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi bila paa, zile zilizo kando kabisa ya barabara. Hizo zingeezekwa kwa vigae.

Alitaka jambo moja. Alitoa mhuri wa chuma kwenye mkoba, wenye nembo ya mradi, na kuomba kila kigae kipigwe mhuri huo badala ya kidole. Vile vya kwenye majani, kwa hiyo, havingefaa, viumbwe vipya. Mgeni alieleza kwa uaminifu kwamba watu wa kawaida wa nchi yake hukatwa kodi ili fedha hizi zipatikane, na kwamba ni haki yao kuonekana.

Maman Gaju alimwomba Jean-Paul atafsiri swali lake neno kwa neno. Alitaka kujua kama, paa likivuja, mwenye mhuri atakuja kupanda. Jean-Paul alisita, kisha akatafsiri. Mgeni hakucheka. Alijibu kwamba nyumba ni mali ya wenyewe, na kwamba kuitunza ni sehemu ya kujitegemea.

Usiku ule wafinyanzi walibishana. Maman Gaju alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu ameshaiona. Mzee Ndikumana, mtunza moto wa tanuri, mwenye wajukuu sita nyumbani, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Maman Gaju, tule kwanza," akasema. "Kidole haipikwe mu chungu."

Wengine wote walikuwa upande wa mzee. Maman Gaju naye, baada ya kuwatazama nyuso, akakubali. Akaushika mhuri. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto Nyangezi, aliumba kigae bila kukibonyeza, na anasema mkono ulikuwa ukienda wenyewe chini kutafuta mahali pake, akawa anaurudisha.

Kazi ya kuleta mbao ilitangazwa kwa mnada, kama semina ilivyofundisha, na akashinda mfanyabiashara wa bei ya chini kabisa. Mbao zake zilikuwa mbichi, zikitoka maji ukizikata. Fundi alinung'unika, lakini tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa. Mwezi Agosti wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya nyumba kumi nyekundu zilizopendeza kweli, wakala, wakaondoka. Mwezi Desemba mradi ulifunga ofisi, kwa kuwa muda wake wa miaka mitatu ulikuwa umekwisha.

Mbao mbichi zikikauka hujikunja, na fito zilipojikunja vigae viliteleza. Mvua za Machi zilizikuta nyumba zile zikiwa na matundu ambayo mtu angeweza kupitisha mkono.

Maman Gaju hakujua. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba hakuna aliyemwambia. Alipita huko juu Jumapili moja ya Aprili akitoka misani, mvua ikamkimbiza mlangoni kwa mjane mmoja, Nyirahabimana. Ndani alikuta kitanda kimefunikwa karatasi ya nailoni, sufuria tatu zimepangwa sakafuni, na mama mwenyewe amekaa pembeni na blanketi mabegani, kama abiria anayesubiri gari.

Alimuuliza kwa nini hakuteremka bondeni. Nyirahabimana alishangaa. Alisema alikishusha kigae, akakigeuza kama alivyofundishwa na marehemu mama yake, akakuta mhuri. Basi akakifunga kwenye kitenge, akatembea nacho hadi Kamembe, kwenye ofisi yenye nembo ile. Mlinzi alimwambia mradi umekwisha na sasa panauzwa simu. Alirudi na kigae chake, na kipo pale, kinazuia mlango usipigwe na upepo.

"Hakunifikiria hata kidogo," anasema Maman Gaju. "Kazi ya mikono yangu inamunyeshea muntu, na yeye anatembea kutafuta mwenye kuiumba Kamembe. Ile siku nilisikia haya kuliko siku balileta manjanja."

Ndiyo maana asubuhi hii anagonga vigae vya 1999, vile vyenye vidole. Vigae vizuri vinapatikana. Tatizo lilikuwa fito kavu na nyoofu, na katika kilima kizima Maman Gaju aliziona mahali pamoja tu: kwenye banda lake mwenyewe la kukaushia vigae, lenye miti ya mikaratusi aliyoikata alipofika mwaka 1995.

Hapa inabidi ielezwe kwamba Jean-Paul amerudi. Ana pikipiki mpya yenye nembo mpya, ya mradi mwingine, na huu unakuza wajasiriamali. Wiki ijayo ataleta wageni watazame banda na tanuri, na ikiwa watapendezwa, bonde hili litaitwa kituo cha mfano. Alimwambia Maman Gaju kwa upole kwamba asifanye haraka ya kubomoa kitu chochote.

Naye, Jumatatu, alibomoa nusu ya banda.

Mzee Ndikumana hakumsemesha siku mbili. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Bila banda zima, msimu huu wa kiangazi watakausha nusu tu ya vigae vya kawaida, na wageni watakuta kitu kinachofanana na magofu. Alipofungua kinywa alimwambia kwamba analipa deni la Wazungu kwa miti yake. Maman Gaju alimjibu kwamba deni ni la aliyeumba, na kwamba mhuri haukuumba kitu. Mzee akatema mate pembeni, kisha akaenda kuchukua shoka lake akamsaidia kung'oa misumari.

Kapu limejaa. Maman Gaju anajitwika, na safari ya kupanda kilima inaanza, Mzee Ndikumana akiwa mbele na mzigo wa fito begani. Njiani wanapita karibu na nyumba za mabati. Baadhi zimewekewa mawe juu ili upepo usiyabebe mabati. Maman Gaju anazitazama na kuendelea kupanda.

Kwa Nyirahabimana kazi inachukua asubuhi yote. Mzee anang'oa fito zilizojikunja na kupigilia zile za banda. Maman Gaju, kanga imefungwa vizuri kiunoni, yuko juu ya paa, anavipanga vigae kutoka chini kwenda juu. Vile vya mhuri ambavyo bado ni vizima anavirudisha, vilivyovunjika anabadilisha. Watoto wa kijiji wamekusanyika kutazama mwanamke aliye juu ya nyumba, na majirani wa zile nyumba tisa nyingine wamesimama kando, kila mmoja akihesabu moyoni zamu yake.

Anajua wanachofikiri. Anasema nyumba mbili nyingine atazimaliza kabla ya mvua za Septemba kwa fito zilizobaki, na zile saba zitangoja miti mipya ikauke, mwakani. Hana fedha ya kuharakisha zaidi. Ameshakata mikaratusi aliyokuwa akiitunza ili anunulie ng'ombe, ameilaza kivulini.

Kuhusu wageni wa wiki ijayo, amepanga kuwafungulia tanuri kama kawaida. Ila safari hii, kabla ya kibuyu, Jean-Paul atawatafsiria maana ya kunywa. Anayetaka tu kukata kiu atapewa maji.

Matumaini yake makubwa yako ng'ambo. Redio inasema mazungumzo ya amani ya Kongo yanaendelea, na juzi mwanamke mmoja wa Bukavu alivuka kuuliza kama wale watu wa vigae bado wako hai. Hakuwa na fedha. Alikuja kuuliza tu. Maman Gaju alimpa kigae kimoja akapeleke nyumbani, ili siku vita vikiisha akumbuke njia.

"Bale ba Bukavu banabishana bei mpaka unachoka," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Lakini muntu anabishana na weye uso kwa uso. Mi ninapenda ile."

Anashuka kwenye ngazi, miguu imejaa vumbi jekundu. Kapuni kimebaki kigae kimoja cha ziada. Nyirahabimana, ambaye asubuhi nzima hakusema zaidi ya asante, anakichukua, anakigeuza, na kupitisha kidole chake upande wa chini, polepole, mpaka kinapokutana na lile kovu. 

"Sasa minajua pahali kwenye nitakuya kulalamika," anasema.

Kisha anaingia ndani, anakiondoa mlangoni kile kigae cha mhuri, na kuanza kuokota sufuria zake kutoka sakafuni.